Chai kwa Kanchhi

Palpa, tarehe 9, mwezi wa Saun

Kanchhi, kitindamimba wangu,

Hujambo huko Butwal kwenye joto? Sisi hatujambo, ila goti langu linaniuma kila mvua inaponyesha, na nyati wetu ana jipu kwenye kiwele. Mama yako anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ni mzima.

Naandika kwa sababu simu ya dukani ina masikio ya kijiji kizima. Dereva wa basi amemwambia baba yako mkubwa kwamba umeingia dini ya Yesu, na unasali waziwazi mbele ya wateja wako wa chai. Kaka yangu huyo amewaka: "Mtoto wako ametuuza!" Mimi nataka kujua. Nani amekuingiza? Unaposali unasema nini? Na ni kweli mnakula ng'ombe? Hilo la mwisho anauliza mama yako.

Ni mimi,
Baba yako

*

Butwal, tarehe 24 Saun

Baba yangu, shikamoo, na kwa mama pia.

Mimi ni mzima. Mume wangu amepiga simu kutoka Malaysia, naye mzima. Pole na goti. Lichue kwa mafuta ya haradali ya moto.

Mwambie mama sijala ng'ombe. Na hakuna aliyenilazimisha. Ilianza na bibi mmoja mteja. Kila nikimpa chai, anaiinamia glasi na kunong'ona. Nikadhani anairoga chai yangu! Siku moja uvumilivu ukaniishia: "Bibi, unaongea na nani humo ndani ya glasi?" Akacheka mpaka akapaliwa. "Namshukuru Mungu," akasema, "na ninakuombea wewe. Uso wako umechoka." Baba, tangu mume wangu asafiri, hakuna aliyekuwa ameutazama uso wangu. Nikaanza kumuuliza maswali, kama unavyoniuliza wewe sasa. Mwaka jana nikabatizwa. Sikukuambia kwa kukuogopa wewe, si kwa kumwonea aibu Yesu.

Nikisali nasema: asante kwa maziwa haya, mlinde mume wangu, goti la baba lipone. Basi.

Mwanao,
Kanchhi

*

Palpa, tarehe 20 Bhadau

Kanchhi mwanangu,

U mzima? Sisi wazima, na nyati amepona. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuja kukuona.

Usishtuke. Nilishuka kutafuta dawa ya nyati, nikaingia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara yako. Ulinitazama usoni kabisa, nimejaa povu, hukunijua.

Nikamuuliza kinyozi, "Yule mama chai ni mtu wa namna gani?"

"Yule wa Yesu? Chai nzuri, kichwa kigumu. Mwambie atie maji kwenye maziwa apate faida, hataki."

Wakati huo mpagazi mmoja anakuchokoza: "Leo Yesu wako hajakuletea wateja?" Nawe ukamjibu, "Si amekuleta wewe! Kaa, acha kuniziba mlango." Nikacheka, wembe ukanichana shavu.

Kisha akaja mwanamke anayezoa mitaro, na ufagio wake. Watu wa tabaka lile huhesabiwa najisi, hunywea nje, kwa glasi zao. Wewe ukamwita, "Ingia, Phulmati," ukamkalisha benchi moja na wapagazi, ukampa glasi ya watu wote. Wapagazi wakainuka wakaondoka, mmoja akatema mate. Ukakaa naye, mkanywa.

Nikapanda basi. Miguu ilikataa kuvuka barabara. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kunywa na watu wale. Sasa nakuuliza, na siulizi kwa ugomvi: lile ni agizo la Yesu, au ni ukaidi wako mwenyewe?

Baba yako

*

Butwal, tarehe 11 Asoj

Baba, shikamoo. Naamini goti limepoa kidogo.

Nilisoma barua yako nikalia, nikacheka, nikalia tena. Upana wa barabara tu, Baba!

Agizo au ukaidi? Mwanzoni Phulmati nilimpa chai nje, kama wafanyavyo watu wote. Halafu nikainama kusali, nikashindwa. Ninamshukuruje Baba wa wote, na mmoja wetu yuko nje juani? Ulimi uligoma. Nikamwita. Alikataa: "Dada, utafunga duka kwa ajili yangu." Kweli, wapagazi wengine hawajarudi.

Sasa sikukuu ya Dashain imekaribia. Baba mkubwa amenitumia neno: nisipopokea mchele mwekundu wa baraka kwenye paji la uso, nisikanyage uwanjani kwenu. Mchele uliowekwa mbele ya sanamu ya mungu Durga siwezi kuupokea, na sitaki kuupokea kisha niufute njiani. Lakini baraka yako naitaka. Nifanyeje? Nikae huku?

Mwanao,
Kanchhi

*

Palpa, tarehe 6 Kartik

Kanchhi wangu,

Nilirudi salama kutoka kwako siku ile ya Dashain. Mama yako hajambo, anauliza kwa nini sikulala kwako hata siku moja.

Unajua siku ile mkubwa wa nyumba haendi popote. Watoto ndio humfuata wapokee baraka, nami nikakufuata wewe. Niliporudi kutoka kwako nilikuta uwanja umejaa, na kaka ananingoja.

"Umempaka mchele?"

"Sikumpaka. Nimemwekea mkono kichwani, nikamnenea mema."

"Na yule mzoa mitaro anayesimuliwa na dereva, alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ukanywa naye?"

Uwanja wote ukanigeukia. Nikasema, "Nimekunywa."

"Ilikuwaje?"

"Sukari ilizidi."

Vijana wakacheka. Kaka hakucheka. Akasema maji ya nyumba yangu hayanyweki tena, akaondoka. Sikujuta, Kanchhi, lakini iliniuma. Hatukuwahi kununiana tangu utoto wetu.

Jana akaja. Hakuingia. Alikaa kizingitini akisugua tumbaku kiganjani muda mrefu, kisha akauliza bila kunitazama, "Yule mwanamke, alipoona unakunywa, alifanya nini?"

Nikamwambia alishika glasi yake kwa mikono miwili akainama, sikuuona uso wake.

Kaka akatia tumbaku mdomoni. Halafu akasema, "Na huyo Yesu, aliwahi kunywa na watu kama wale, au Kanchhi ametunga?"

Nikasema sijui, nitauliza. Basi nauliza. Andika kwa herufi kubwa. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na hataki kusomewa.

Baba yako