Sakafu ya Kisigino

Jumatatu, 3 Machi

Sponji! Wametuletea sponji!

Nimefika asubuhi nikamkuta fundi mkuu na watu wake wanabandika sponji nyeusi kwenye kuta za chumba kipya cha ngoma, kutoka chini mpaka darini. Nikamwuliza ya nini. Akasema chumba chochote cha muziki lazima kizuie kelele zisitoke nje, ndivyo anavyojenga kila mahali. Zisitoke zimsumbue nani? Akafikiri. Akasema, wanafunzi wa madarasa ya jirani.

Wanafunzi wa madarasa ya jirani ni viziwi. Shule nzima ni viziwi! Kuna bango kubwa getini linasema hivyo, na yeye anapita chini yake tangu msingi unachimbwa. Nikacheka kile kicheko changu kibaya, cha puani. Akanuna. Na mimi nikanuna.

Haya, kuta wachukue. Sakafu ndiyo yangu, hiyo simwachii mtu. Nimemweleza upya, kwa mara ya sijui ngapi: mbao nene, ziinuliwe juu ya boriti, chini pabaki wazi. Bwalo la zamani lilikuwa hivyo, na ndilo walilolibomoa kupisha huu upanuzi wao — chumba cha ngoma, jukwaa la maigizo, chumba cha mavazi. Miaka yote nimefundishia pale. Ngoma naiweka juu ya mbao, napiga, mtikisiko unapita kwenye mbao, unaingia nyayoni, unapanda magoti mpaka kifuani. Watoto wangu wanasikia kwa miguu. Bila mbao hakuna kucheza, kuna kurukaruka tu.

Akasema amenielewa. Wote huwa wananielewa.

Jumatano, 12 Machi

Mbao! Mbao kweli! Nimemtukana fundi mkuu moyoni wiki nzima bure — nimemwomba radhi, hakujua ya nini, akapokea.

Nikaita kikundi changu cha ngoma. Viatu nje. Nikapiga pigo moja tu. Nikaona mabega yote yameruka kwa pamoja. Kisigino akafumba macho. Huyu ndiye kiongozi wao, ana miaka kumi na minne, na Kisigino ni jina lake la alama: ngumi inagonga kiganja, kama kisigino kinavyogonga sakafu. Wenzake ndio waliompa, na wamepatia. (Mimi wamenipa kidole kwenye mshipa wa shingo. Sijauliza kwa nini.)

Akaniambia kwa mikono: hii ni bora kuliko bwalo, inafika mpaka kwenye meno.

Halafu akaniomba nimpigie simu baba yake aje siku ya ufunguzi. Huyo baba! Kila muhula anamleta, anamwachia getini na begi lake, anageuka. Hajui hata alama ya "njoo ule". Nimempigia lakini, kwa sababu ya mtoto. Kitu cha kwanza: amefanya kosa gani? Nikamwambia baba, hakuna kosa, mwanao anacheza ngoma, tena yeye ndiye anayewaongoza wenzake. Akauliza, anachezaje? Nikasema njoo uone.

Akasema ataangalia kazi zake. Fundi cherehani, ana oda nyingi. Sawa. Nilikata simu kabla sijasema neno baya.

Ijumaa, 14 Machi

Kamati ya shule imekuja kukagua. Mama mwenyekiti mbele, mwalimu mkuu nyuma yake na tai yake, na yule mfadhili mwenye suti ambaye ndiye atakayekuwa mgeni rasmi. Mama mwenyekiti akagonga sakafu kwa ncha ya kiatu. Jamani, ngumu hii! Na watoto wenyewe hawa!

Watoto wenyewe hawa. Wako vipi?

Nikaleta mzaha, nikasema mbona tunaanguka kila siku, hata mimi, nikapandisha sketi kidogo kuwaonyesha goti langu lililochubuka. Mwalimu mkuu akakohoa. Hakuna aliyecheka. Basi nikawaeleza habari ya mbao na nyayo, taratibu, bila ukali, mama yangu angejivunia. Wakatikisa vichwa kama watu wanaosubiri chai.

Mfadhili akasema inagusa sana. Wakaenda kunywa chai.

Jumatatu, 17 Machi

Siandiki vizuri leo.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa kwa mama. Nimerudi leo, nimefungua mlango wa chumba cha ngoma — bluu! Sakafu nzima bluu! Wameifunika mpira, ule laini mnene wa kwenye viwanja vya watoto, wameubandika kwa gundi ukuta hadi ukuta. Unakanyaga, mguu unazama. Nikaburuta ngoma katikati, nikavua viatu, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Kwa masikio yangu nimesikia. Miguuni hakuna kitu! Wameiziba sakafu mdomo.

Nikaenda ofisini bila hata kuvaa viatu. Mwalimu mkuu alikuwa anatabasamu, anadhani nimekuja kushukuru! Ni zawadi, akasema, mfadhili mwenyewe kajitolea baada ya kuona lile goti langu. Usalama kwanza, mwalimu. Nikamwambia hawasikii, lakini miguu wanayo mizima, tena hiyo ndiyo masikio yao, na nyie mmekwenda kuyaziba! Akaniambia niongee polepole, katibu anasikia. Asikie! Katika shule hii yeye ndiye mmoja anayeweza!

Basi uondolewe, nikasema. Akasema haiwezekani, zawadi haiondolewi kabla mwenyewe hajaikatia utepe. Baada ya ufunguzi tutakaa, tutalitazama. Tutakaa! Huyu bwana amekaa maisha yake yote.

Goti langu na mdomo wangu. Nani alinituma kupandisha sketi?

Mama kapiga simu jioni kuuliza kama nimefika salama. Nikamwaga yote. Akasema, mwanangu, utapasuka mshipa wa shingo siku moja. Hata yeye.

Jumanne, 18 Machi

Mazoezi. Sikuwaambia kitu, nilitaka nione. Nimeona.

Pigo la kwanza, hakuna bega lililoruka. Wakanitazama mimi, wakatazama ngoma, wakatazamana. Kisigino akaja akaweka kiganja kwenye ngozi ya ngoma, akaniambia nipige. Nikapiga. Akauliza, sasa mbona ngoma ni nzima? Nikamwambia sakafu ndiyo mbovu. Akapiga magoti kwenye kona ya mlangoni, akaubinya ule mpira kwa vidole. Nani ameweka? Nikasema, watu waliotaka msiumie.

Akaniuliza, nani aliumia?

Tukajaribu kucheza kwa macho, wanatazama mkono wangu unaopiga. Mistari iliyonyooka inakwenda. Lakini ngoma yetu ina kugeuka — nusu nzima wananipa mgongo! Wakigeuka tu, kila mtu anakwenda na lake. Mdogo mmoja alimkanyaga mwenzake, wakaanza kusukumana. Nikawaachia mapema. Nikabaki peke yangu nikaupiga ule mpira teke. Haukuuma hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyozidi kuniudhi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeomba tucheze kwenye jukwaa la maigizo. Saruji! Nimeomba tucheze nje. Uwanja ni udongo, nao hautikisiki, na zaidi ya hayo mwalimu mkuu hataki: mgeni rasmi anataka aone chumba kinatumika, wapiga picha wameshaambiwa. Nikasema basi hatuchezi. Tutaonyesha mavazi, tutapunga mikono, watakula, watakwenda. Akasema uamuzi ni wangu — anavyopenda kunitupia!

Nikaenda kuwaambia watoto. Wengine walikubali, kwa uso wa kushukuru hasa. Kisigino alikataa. Baba yake ametuma ujumbe kwenye simu ya matroni: atakuja, amefunga kazi siku hiyo. Ameusoma ujumbe ule mara nyingi mpaka matroni kamwachia simu.

Akasema mapigo anayo kichwani, atayafuata hayo. Na wenzako? Watanitazama mimi. Na wewe ukiwapa mgongo? Akaangalia pembeni. Mtoto kiziwi akiangalia pembeni, mazungumzo yamekwisha, huna la kufanya.

Basi tunacheza. Nimemkubalia, na nimejikasirikia kwa kumkubalia, na ningemkatalia ningejikasirikia zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Niko chumba cha walimu. Mwalimu mkuu kanishika kiwiko, kanileta huku, kaniambia nipumzike kidogo. Nipumzike! Yeye mwenyewe kasimama kwenye kibaraza anamwomba msamaha mfadhili. Naandika nisije nikavunja kitu.

Utepe ulikatwa. Hotuba zikasemwa. Zote zilisema "hawa watoto wetu". Nikatafsiri kwa mikono mpaka mabega yakauma, kwa sababu hapa mpiga ngoma ndiye mkalimani.

Halafu wakacheza. Mwanzo ulikwenda. Kisigino alikuwa na uso mgumu, midomo inahesabu. Walipogeuka — kwisha. Yeye aliyatangulia mapigo ya ngoma yangu, mstari wa pili ukabaki nyuma, wawili wakagongana vichwa. Nikaacha mapigo yetu nikajaribu kuifukuza miguu yake kwa ngoma, lakini nikimpata yeye nawapoteza wengine. Sijawahi kuona aibu kama ile. Mapigo waliyoyacheza bwalo zima likitikisika!

Na wageni? Walisimama! Makofi, vigelegele, mama mwenyekiti na kitambaa machoni, mfadhili na simu juu anarekodi. Jamani, wameweza! Na hawakuwa wanafiki, hilo ndilo linalonichoma. Walidhani kweli ndiyo hiyo. Walikuja hawategemei kitu, wakapewa mchafukoge, ukawatosha.

Baba yake alikuwa safu ya mbele, koti kalipiga pasi vizuri. Alipiga makofi kuliko wote, machozi yanashuka, hayafuti. Wenzake Kisigino waliinama kushukuru. Yeye hakuinama. Alikwenda moja kwa moja mbele ya baba yake, akanigeukia mimi.

Mwambie nimecheza vibaya. Mwambie aache kupiga makofi.

Nikasema. Kwa sauti, chumba kizima. Sponji ile ilifanya kazi yake, hapakuwa na hata mwangwi. Baba mtu akashusha mikono. Akaniambia, mwambie amecheza vizuri sana. Nikamwambia. Mtoto akasema, si kweli. Nikamwambia baba.

Ndipo akanisogelea, kwa sauti ya chini kabisa: "Mwalimu, sasa yeye anajuaje?"

Nilikuwa na maneno ya huyu mtu tayari, nimeyaweka akiba tangu siku ya kwanza alipomwacha getini. Yalikuwa mdomoni. Nikamtazama usoni, nikaona hadharau. Anauliza. Anataka kujua, na hajawahi kuuliza kitu juu ya mtoto huyu ila ada na likizo.

Mwalimu mkuu akanikonyeza nisitafsiri. Akasema tuendelee na ratiba, vinywaji viko tayari. Nikatafsiri. Neno kwa neno, na lile "sasa" lake nikaliweka.

Kisigino alimtazama baba yake muda mrefu. Sikuona hasira, na mimi ni mtaalamu wa hasira. Halafu akaenda kwenye kona ya mlangoni, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaingiza kucha chini ya mpira, akavuta. Gundi ilichanika kwa mlio ambao yeye hakuusikia na sisi wote tuliusikia.

Mfadhili alishusha simu. Mama mwenyekiti akauliza, jamani mtoto kapatwa na nini? Mwalimu mkuu akaniambia nimzuie. Nikasema simzuii, chini ya uchafu huo kuna mbao! Ndiyo, nilisema uchafu, na mwenye zawadi kasimama pale pale. Ndipo nikashikwa kiwiko.

Kutoka dirishani naona ng'ambo ya uwanja, mlango wa chumba kipya uko wazi. Wageni wametoka na soda zao, wamebaki watu wawili. Yeye bado kwenye magoti. Kona imeachia, mbao zinaonekana, kipande cha kukaa mtu mmoja labda. Anavuta, anapumzika, analamba kidole, anavuta. Damu ile? Sioni vizuri.

Baba yake amesimama nyuma yake. Anamsemesha! Anaongea na kisogo cha mtoto! Sasa amenyamaza. Anageuka huku na huku, nadhani ananitafuta mimi. Mwalimu mkuu anamwita kwa mkono kutoka kibarazani, njoo upate soda baba. Haendi.

Amevua koti. Amechuchumaa pale kwenye kona, bega kwa bega na mtoto, mgongo kanipa mimi. Kutoka hapa sioni mikono yake. Sijui anamzuia au anavuta naye.