Nilisema Fensi Iko

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haikunyesha, na nguo pia hazikukauka. Nimechoka ile kuchoka ya hata chai huitaki.

Leo ni siku ya nne ya kukaa na mbwa wa madam. Kwake huwa nafua na kupiga deki, na aliposafiri akaniomba nimweke Bruno hapa kwangu wiki moja. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kwenu kuna fensi?"

Nikasema iko.

Aki sijui huo uongo niliutoa wapi. Hapa mtaani Kianda nina chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba kumi. Mlango wangu unaangalia koridoo, na koridoo inatokea barabarani. Geti liling'olewa zamani. Lakini niliogopa nikisema hakuna, madam atatafuta mtu mwingine wa kukaa na mbwa, halafu agundue huyo mtu pia anajua kufua.

Kwa hivyo tangu Jumatatu nafunga mlango mchana. Aliyeishi ploti anajua hayo ni matusi. Mchana mlango unakaa wazi, pazia linaning'inia, jirani akitaka chumvi anaita kutoka nje. Ukifunga, au umekufa au unapika nyama. Mama Akinyi, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na anaishi mlango wa tatu, jana alinipita bila salamu. Leo asubuhi akaliambia beseni lake kwa sauti, "Wengine siku hizi ni watu wa mageti."

Iliniuma sana. Huyu mama alinitekea maji mwezi mzima nilipokuwa mgonjwa.

Basi saa nane nikafungua mlango, nikashusha pazia, nikajiambia mbwa amelala. Nikaenda kuteka maji. Kurudi, Bruno hayuko.

Mbwa amekulia ndani ya ukuta, hata pikipiki hajui ni nini. Niliacha mtungi hapo hapo nikatoka mbio. Nikauliza kwa watu wa boda, kwa muuza makaa, kwa fundi wa sufuria. Vijana wakanicheka: "Auntie, mbwa wa kuogeshwa, mtaa huu?" Nilifika hadi kwa reli, huko Laini Saba, slipa yangu moja imekatika mguuni, nikalia mbele ya watu. Na wacha niseme ukweli, sikuwa namlilia Bruno. Nililia kazi yangu.

Nikarudi pole pole nikipanga maneno ya kumwambia madam.

Kufika ploti, pazia la Mama Akinyi limefungwa fundo juu, na ndani Bruno amejilaza kwenye gunia, tumbo limefura. Kando yake sufuria imerambwa ikang'aa. Chakula chake cha mfuko, chenye picha ya mbwa anayecheka, amekikataa siku tatu. Ugali na omena amemaliza.

"Aliingia tu kama mtu wa kwetu," Mama Akinyi akasema. "Nimekuita, ukanipita mbio. Kumbe huyu ndiye ulikuwa unamfungia mlango? Nafula, si ungesema!"

Si ningesema. Ningekuwa mtu wa kusema, hata hii shida nisingekuwa nayo.

Saa kumi na moja madam akapiga video, kama kila siku. Akamwona Bruno, akafurahi, kisha: "Hebu nionyeshe hiyo fensi, nione kama ni ndefu ya kutosha."

Woi. Ningesema network inapotea. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikageuza simu. Mlangoni pangu Mama Akinyi alikuwa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha hadi ukuta wa pili wa koridoo, anachambua omena. Bruno nyuma yake, ametulia.

"Ndiyo hiyo, madam," nikasema. "Ingine hakuna. Nilikudanganya."

 

Madam akauliza kama huyo mama atakuwepo kesho pia.

Nikasema yuko.

Kesho ni Ijumaa. Mama Akinyi huenda sokoni kuchukua omena alfajiri, anarudi jioni. Hivi mimi nitajifunza lini?