Mstari wa Sita

Iringa,
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Mdogo wangu Adventina,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama Mawe, mama yetu, alivyotufundisha. Mgongo umekuacha, au bado unainama nao shambani? Mvua imeanza huko kwenye rweya, nyika yenu ya majani, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda ziwani? Migomba yako imesimama? Mimi nipo, ingawa si kwa kiasi cha kujivunia. Tangu Krismasi tumbo limekataa chakula kigumu. Mwanangu Konsolata, ambaye ni muuguzi hapa na ndiye ninayekaa kwake, hunipikia uji na kuniambia kwamba rangi yangu imerudi. Ni muuguzi mzuri, lakini hajui kusema uongo. Mimi ndiye niliyejua, na hicho ndicho ninachokuandikia.

Barua yako ilinifikia wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Nilipoona anwani imeandikwa kwa herufi kubwa zilizoegemeana kama watu waliotoka kilabuni, nilidhani ni ya mjukuu. Kumbe ni wewe. Nimeshika madaftari ya wanafunzi miaka thelathini, na sikuwahi kusoma ukurasa mmoja polepole namna ile. Uliandika hivi: "Kaka, mimi Adventina. Nimejua kusoma. Mwalimu wetu wa kisomo ni binti wa juzi tu, anatugombeza wazee kama mbuzi walioingia kwenye maharage. Usicheke herufi zangu. Nitumie karatasi ya Tata. Nataka nipaone kwa macho yangu pale aliponisahau."

Kwenye mbuzi nilicheka. Nilipofika mwisho, Konsolata aliniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia bado.

Karatasi ya Tata, wosia wa baba yetu, imo ndani ya bahasha hii. Ni ile yenyewe, si nakala. Ukoo uliniachia niitunze kwa kuwa nilikuwa msomi wao, nami nimeitunza katika sanduku la bati, chini ya vyeti vyangu vya ualimu. Mwezi uliopita niliitoa nikaishika juu ya jiko la mkaa mpaka ncha moja ikawa kahawia. Utaiona. Kisha nikairudisha sandukuni. Nakuomba usimpe mtu yeyote akusomee barua hii, hata binti wa kisomo. Isome polepole, hata kwa siku tatu, na karatasi ya Tata iwe kando, ulinganishe. Mimi si mtu wa kuaminiwa kwa kusikilizwa.

Unazikumbuka siku za mwisho za Tata, mwaka mmoja kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa. Nilikuwa nimekuja kwa ruhusa ya wiki moja kutoka shule niliyofundisha, Bukoba mjini. Wewe ulikuwa hapo nyumbani tangu ulipoachana na mumeo. Wewe ndiye uliyemwosha na kumgeuza, na alipokuwa hawezi tena kutafuna ulimwekea punje ya kahawa mdomoni apate ladha tu. Asubuhi moja aliniita nichukue karatasi na kalamu. Ulikuwa nje unamenya ndizi, nilisikia kisu chako. Tata alisema kwa Kihaya, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Baada ya kila neno aliitazama kalamu. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba mtu akisema, kalamu hutembea. Alitaja nyumba, akataja ng'ombe wawili, akataja mipaka ya kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, upande wa juu, na yote niliyaandika kama alivyosema. Mistari mitano. Kisha akakutaja wewe.

Maneno yake nitayaweka mwishoni, kwa sababu sitaki yachanganyike na yangu. Kwa sasa jua tu kwamba Tata alikutaja kwa jina, na alikupa sehemu yote ya chini ya kibanja.

Mkono wangu ulisimama. Huko chini ndiko kwenye kahawa iliyokomaa, na chemchemi, na kaburi la Mawe. Nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi: kwamba watu watatucheka, tangu lini binti akarithi kibanja cha ukoo, kwamba utaolewa tena na ardhi yetu itakwenda kwa wengine, kwamba mzee ana homa. Hizo zote zilikuwa sababu za kuazima. Ya kwangu hasa ilikuwa kwamba niliitaka kahawa ile kwa ajili ya mwanangu Novati. Na chini yake kulikuwa na nyingine ndogo, ambayo naionea aibu zaidi. Mimi ndiye niliyesomeshwa, lakini mgonjwa kila alipoamka aliita jina lako.

Tata aliona. Akasema, "Projesti, mbona huandiki?"

Kalamu ilibidi itembee, basi nikaandika maneno ambayo mkono uliyajua bila mimi: Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akaniambia nimsomee yote. Nikamsomea, na nilipofika mstari wa sita nikasoma alichosema yeye, si nilichoandika mimi. Aliitikia kwa kichwa, akasema ni hivyo hivyo, akaweka dole gumba. Wazee wawili wa ukoo wakaitwa kutoka uani, nao wakaweka vidole vyao, na Tata akawaambia kila kitu kimo. Siku ya tatu alikufa akiamini hivyo.

Yaliyofuata unayajua, ila hukuyajua yote. Tulipomaliza matanga nilisimama mbele ya ukoo kusoma. Wewe ulikaa karibu na mlango, juu ya majani tuliyotandika. Safari hiyo nilisoma kilichoandikwa. Nilipofika mstari wa sita wazee wote wakafanya ishara ya msalaba, na mmoja akasema huyu alikuwa mcha Mungu kweli, hata katikati ya mali alisimama akasali. Nawe ulifanya ishara ya msalaba, Adventina. Nilikuona. Nilipomaliza ulisema, "Kaka, soma tena." Nikasoma tena. Ukasema, "Basi," ukaenda kuwapakulia watu chakula. Sehemu ya chini, ambayo haikutajwa, ikawa yangu kwa desturi.

Nilikwambia ukae katika kile kibanda cha jikoni, ukakataa. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kufunguliwa huko upande wa Muleba, ulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujiandikisha, mwanamke peke yake na jembe na mkeka, kwenye ardhi ya majani ambayo wazee wetu waliwaachia ng'ombe. Watu walikusifu kwa moyo wa kujenga taifa. Nami nilikusifu, hata mbele ya mkuu wa wilaya. Nilijua kilichokutoa nyumbani.

Dhambi hiyo ningeweza labda kuizika chini ya miaka. Isiyozikika ni ya siku nilipokuja kukuaga kabla ya kuhamia huku. Ulinipikia ndizi kwa maharage, migomba yako ikiwa bado myembamba kama fimbo. Kabla ya kula tulisali Baba Yetu, nawe ukafika katikati ukanyamaza, ukaniacha niseme peke yangu, kisha ukarudi mwishoni. Nilikuuliza kwa utani kama umesahau sala. Ulinijibu, "Sijasahau, kaka. Pale pa kusamehe sipasemi. Sijamsamehe Tata, na sitaki kumdanganya Mungu mbele ya chakula." Ukaniambia pia kwamba hujapokea Komunyo tangu ulipohama, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo hujamtolea Tata hata misa moja.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nililimeza pamoja na ndizi zako. Ulinifungia kahawa ya kutafuna katika jani la mgomba nile njiani, nami nikaichukua.

Tazama basi nilichokufanyia. Ardhi ni kidogo. Nilikunyang'anya baba, na nikamwacha marehemu asiye na kosa abebe langu miaka yote hii, na wewe nikakufungia mlango wa meza ya Bwana, wakati mimi nilikuwa nikipanga mstari kila Jumapili na kufungua kinywa.

Nimeungama. Padre wa hapa ni mtu wa huku, mkulima wa viazi, si mtu wa maneno mengi. Aliniondolea dhambi, kisha akaniambia nisiondoke, tuzungumze kama watu wawili. Aliniuliza kwa nini nataka kukuandikia. Nikamwambia ni ili unisamehe. Akauliza nikisamehewa nitapata nini. Nikasema nitakufa kwa amani.

"Basi, mwalimu," akasema, "bado unachukua kwake."

Adventina, nilikaa na neno hilo wiki nzima bila usingizi wa maana. Niliwafundisha watoto katekisimu kwamba msamaha ni bure, na ni kweli kwa anayeupokea. Sikuwahi kuwauliza ulimgharimu nini aliyeutoa, na msalaba ulikuwa ukutani nyuma ya kichwa changu. Nikaanza kuogopa kwa namna mpya. Kwanza niliogopa usinisamehe. Sasa naogopa kitakachokupata ukijaribu. Hasira uliyoishi nayo itakosa mwenyewe. Utamlilia Tata upya, peke yako, katika umri huu. Utakumbuka kila siku uliyomnyima sala, na utataka kujihukumu. Hapo nisikilize kama uliwahi kunisikiliza: hilo ni langu. Ukienda kuungama, usilitaje kama lako. Mwambie padre wako ni la kaka yako, na tayari amelisema.

Nilirudi kwa padre nikamuuliza nifanye nini, nikae kimya? Akasema hapana. Akasema nisikuombe kitu, nikurudishie baba yako. Ndiyo sababu barua hii haina ombi la msamaha. Nimelifuta mara mbili. Nikisema siutaki msamaha nitakuwa naandika tena mstari wa sita, kwa hiyo nakiri kwamba nautaka mchana kutwa, na kwamba posta ikichelewa huenda nisijue kamwe ulichojibu. Lakini hilo ni kati yangu na pumzi yangu. Usiharakishwe na ugonjwa wangu.

Nimemwandikia Novati, mwanangu aliye kwenye kibanja, kwamba sehemu ya chini ni yako na aitoke baada ya mavuno ya kahawa ya mwaka huu. Nimeweka saini mbele ya padre na Konsolata, na karatasi nyingine kama hiyo imekwenda kwa mzee wa ukoo. Novati amenijibu. Amesema nimemfanya mgeni kwenye kahawa aliyoipogoa kwa mikono yake, na kwamba nikifa huku hatakuja kunichukua. Simlaumu. Naye nimemdanganya tangu alipokuwa mtoto. Unajua kwetu mtu hulala katika migomba yake, na kuzikwa ugenini ni kama kusahauliwa njiani. Mahali nilipokuwa nimejichagulia ni kando ya Mawe, karibu na chemchemi. Sasa ni kwako, wala sipataji ili unijibu. Nakwambia tu ili mtu mwingine asije akakudai kwa jina langu.

Nisalimie mke wa Novati, ambaye hana hatia, na umwambie nilifurahi kwa mtoto. Msalimie katekista wenu anayetembea kutoka kijiji cha pili kuwasalisha. Msalimie shangazi yetu mdogo pale Miembeni, kama bado anasikia. Na binti wa kisomo, yule anayewagombeza kama mbuzi, mwambie mwalimu mzee wa Iringa anampigia magoti. Amefungua alichokifunga mwalimu mwenzake. Konsolata anakusalimu, wewe shangazi yake. Ameniona nikiandika siku nne, hajauliza, lakini ameacha kuniambia kuhusu rangi yangu.

Sasa maneno ya Tata. Nimeyabeba miaka yote hii bila kupoteza hata moja, na hiyo imekuwa adhabu yangu. Alisema:

"Adventina mwanangu, aliyenibeba nilipokuwa siwezi kusimama, achukue sehemu ya chini yote, kuanzia mti wa mlamula wa mpakani ulio juu ya chemchemi mpaka kwenye kaburi la mama yake. Asiiombe kwa mtu. Na atakayemwondoa hapo, ameniondoa mimi."

Hakukusahau. Ifungue karatasi, hesabu mistari kutoka juu kwa kidole chako, na ukifika wa sita, penye jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, simama. Hapo ndipo ulipokuwa. Nilitaka kuyaandika maneno yake hapo mimi mwenyewe kabla ya kufunga bahasha, nikaichukua kalamu, nikaiweka chini. Mkono huu hauna tena haki juu ya karatasi ile. Juu ya mstari kuna nafasi ndogo, na herufi zako ni kubwa, lakini jina lako litaenea. Liandike wewe.

Mimi kaka yako,
Projesti