Nguo za Kibonge Zinapungua

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Habari za huko? Goti lako limepoa, au bado linakutabiria mvua? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanakuja kubisha hodi? Sisi huku tunapumua, na siku hizi nimejifunza kwamba hilo nalo si dogo.

Asante kwa kukaa nasi wakati wa msiba. Tangu uondoke nyumba imetulia mno. Mwanangu Chiriku, hata saratani ya damu ilipomlaza kitandani, mdomo wake haukupumzika. Nesi mmoja alikuwa na mkono mzito wa sindano, Chiriku akambatiza Nyuki, na yule mama akaitika mpaka mwisho.

Nikusimulie tulivyoishi ile miezi. Alipoanza kukonda, nilisubiri alale mchana, nikachukua mashati yake na kuyapunguza ubavuni kwa cherehani. Akiamka, nguo inamkaa. Baba yake akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza kufuli anasema, "Mwanangu hajapungua hata kidogo! Tazameni mabega hayo!" Mtoto anacheka, nami nacheka. Alijua, dada. Sote tulijua. Lakini lile shati lililomkaa vizuri lilitupitisha siku, tukaweza kula pamoja.

Sasa Kibonge. Unamjua mwanao, jina alipewa na kaka yake, na mashavu bado yapo. Anakula, anaruka, hana hata mafua. Lakini baada ya mazishi alinijia akivutavuta gauni lake la njano. "Mama, linanibana." Baba yake akamwambia apunguze mkate. Mimi nami nilidhani anakua. Nikampima, kiuno ni kilekile. Nikaligeuza gauni nje ndani. Ubavuni kulikuwa na mshono wa pili, umerudiwa mwishoni kama nirudiavyo mimi.

Sikumbuki kuushona.

Niliufumua nikanyamaza. Ikafuata sketi ya shule, kisha gauni la kulalia. Ndipo nikamwonyesha mume wangu. Aliupapasa ule mshono kwa kidole, kama anavyopapasa kufuli iliyomshinda, akasema taratibu, "Huu mkono ni wako, mke wangu." Hakunigombeza. Aliifunika cherehani, akaitia kufuli yake nzito kuliko zote, akaenda kazini na ufunguo. Nilishukuru. Kwa mara ya kwanza nililala usingizi.

Alhamisi, kufuli ikiwa mahali pake, nikalikuta gauni la njano limepunguzwa tena. Kwa cherehani, dada, si kwa mkono. Nililitandika juu ya shati la mwisho la Chiriku, nikalinganisha kwapa kwa kwapa. Upana ulikuwa mmoja.

Kibonge alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, mbona mnanipunguza? Mimi si mgonjwa."

"Nani anakupunguza, mama?"

Akatazama nyuma yangu, palipo na ukuta mtupu. "Wewe na yeye," akasema, akaenda kucheza.

Sijui kama ni mimi. Sijui ni nani. Nimechoka kutaka kujua. Nina mtoto mmoja aliyebaki, mzima, na humu ndani nguo zinamtaka awe kama aliyeondoka.

Kwa hiyo nakuomba umpokee. Baba yake atamleta Jumamosi, naye atakuja na nguo za mwilini tu. Mnunulie za dukani, zenye nafasi. Zikimpwaya usihangaike, mwache azijaze mwenyewe. Nami nikimtumia gauni, usimvishe, hata nikikubembeleza kwa machozi.

Msalimie sana shemeji. Wanao waambie mgeni wao ni mpole, ila akinyang'anywa mto anauma. Mungu akufungulie mlango kila ugusapo, na wa kwako wote walale wakiwa salama.

Mimi na mume wangu tutabaki hapa, mpaka nyumba ituzoee. Mtajie Kibonge habari zangu kila siku, asije akanisahau.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.