Mvuke Umenirudisha Kwenye Moshi, na Sasa Shemeji Anataka Kunifuata

Bibi mshauri, shikamoo, nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya mbao maana sina kwingine pa kusemea haya. Mimi ni seremala, na miaka mitatu iliyopita mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, tuliacha sigara siku moja, yeye kwa kuwa daktari alimwambia mapafu yake hayana akiba tena, mimi kwa kumsindikiza, na kila Jumapili hunipigia simu, "Fundi, bado mkavu, hujagusa moshi?" nami humjibu, "Mkavu kama ubao wa kabati," tunacheka. Basi mwaka jana mteja mmoja akanionjesha sigara ya umeme, ile ya kuchaji, inanukia stroberi, akasema hii si sigara fundi, ni mvuke tu, nami nikajiambia mvuke hauna moto, hata kwenye maranda hauunguzi, nikanunua yangu, nikawa naivuta nikipima, naivuta nikipiga msasa, mpaka siku moja umeme ukakatika tangu asubuhi, chaji ikaisha, nikashindwa hata kupima, nikakata mguu wa meza mfupi kuliko wenzake, nikaenda kioski nikanunua sigara moja, moja tu Bibi, na sasa ni mwezi wa nne navuta saba kwa siku na mke wangu hajui. Jumapili iliyopita shemeji alikuja, akakiona kile kidude cha umeme mfukoni mwangu, akasema, "Kumbe ndiyo siri yako! Nitafutie na mimi, mwenzio siku hizi hamu inanikaba." Nikasema sawa. Nikisema ukweli nyumba nzima itaniona mwongo, nikinyamaza sijui nitakuwa nimempa nini. Nifanyeje?

Seremala

Marahaba, mume wangu, ila leo sikubembelezi.

Mjukuu amenisomea barua yako mara mbili, na mara zote nimeguna palepale: ulikuwa umeshaacha! Karibu miaka miwili, mdomo mtupu. Aliyepona mguu anaokota mkongojo wa nini? Wanasema kidude hicho kimewasaidia wengine kuitupa sigara. Sibishi, sikusoma, hayo ni ya daktari. Wewe hukuwa na sigara ya kutupa. Uliiamsha hamu iliyolala, ukaibembeleza kwa stroberi, ilipoamka ikadai chakula chake cha zamani. Naijua hiyo. Mimi niliacha ugoro nikabaki nanusa kopo tupu, "harufu tu," hadi siku kopo halikuwa tupu.

Nakuhurumia, baba. Kuficha kunachosha kuliko kupiga randa. Kuteleza si kuanguka, ila wewe umeanguka mzima mzima. Lakini aliyewahi kuinuka anajua pa kushika.

Utaonekanaje? Hebu nyamaza! Mwenzio kifua kimebaki cha kubahatisha, wewe unapima sura yako. Anakitaka kidude hicho kwa sababu anaamini kimekuweka mkavu. Huo uongo ni wako, sio wa mteja.

Leo ukifunga kazi usipige simu, nenda kwake, mwonyeshe kidude, mwambie, "Shemeji, navuta tena, na nilianzia hapa." Akikutukana, tukanwa. Ukitoka hapo mwambie mkeo, asisikie kwa kaka yake. Kesho asubuhi nendeni zahanati wawili: wewe useme unaacha vyote viwili, yeye aseme hamu inamkaba, maana ameikiri kwako tu, nawe ukamjibu sawa!

Aibu ya kusema itakwisha wiki mbili tatu. Majuto ya kumzika hayana wiki.

Haya, vaa viatu.