Kigari Kibarazani

Alhamisi, 11 Januari
Mara kumi na tisa! Eilif kalala saa moja na nusu tu, nami nimetoka nje kibarazani mara kumi na tisa kumwekea kidole chini ya pua. Ana miezi mitano, mzima wa afya. Watoto wote wa mtaa huu hulala nje kwenye vigari vyao, iwe theluji isiwe theluji, mama zao wako ndani wanapiga soga. Mimi naona nimemfunika vibaya. Nimemziba pumzi. Kwa makusudi — Mungu wangu, nimeliandika.

Namwuliza Sjur: anapumua? Anapumua, mke wangu. Natulia dakika mbili.

Ijumaa, 12 Januari
Kliniki, na Sjur. Nilimwambia Gunnvor, mtaalamu wangu wa maradhi ya wasiwasi, lile wazo la makusudi. Nilidhani ataita polisi. Akaniuliza kama nataka maziwa kwenye kahawa! Kasema mawazo ya hivyo humpitia kila mzazi, yakaenda zake; mimi nayakamata na kuyafungulia kesi. Kisha akamgeukia Sjur: kila ukimjibu "anapumua", unaulisha ugonjwa. Masikio ya Sjur yakawa mekundu. Maskini, alidhani anasaidia.

Kuanzia sasa jibu lake ni moja: sijui. Nami nimfunike mtoto mara moja, nifunge mlango, nisitoke hadi alie au zitimie saa mbili.

Jumamosi, 13 Januari
Nimetoka mara nne. Aibu.

Mama mkwe, Bi Borghild, alipita. Eti enzi zao walilaza watoto wanne nje, na hakuna aliyekwenda kliniki kufundishwa habari za pua. Akiaga akaninong'oneza: nimemchungulia, mwanangu, mzima kabisa. Nilitaka kumkumbatia. Gunnvor angenitoa roho.

Jumapili, 14 Januari
Kesho Sjur anarudi kazini. Nimemwuliza mara sita. Sijui. Sijui. Nikamwambia ana roho ya jiwe! Akatoka kuzoa theluji mahali alipokwisha kuzoa.

Aliporudi akasema, kwa upole, labda mama yake ahamie kwetu. Upole wake ndio ulionichoma. Bi Borghild akihamia, sitathubutu tena kubaki peke yangu na mwanangu. Najijua.

Jumatatu, 15 Januari
Saa nne. Sjur kaondoka. Nimemlaza. Nimemfunika — mara moja.

Saa nne na nusu. Kimya.

Saa tano. Nimemtumia Sjur ujumbe. Kajibu: "Sijui. Nakupenda." Nimemtukana kimoyomoyo.

Saa tano na robo. Na kama amekufa, nami niko hapa na kalamu? Mama gani huyu? Nimeshika kitasa. Nimekiachia. Naogopa, naogopa, naogopa.

Saa tano na nusu. Bi Borghild! Nimemwona dirishani, kainama kwenye kigari, kafunua kifuniko. Uso sikuuona. Kaingia, kapangusa viatu, kafungua kinywa —

"Mama, usiniambie!"

Nilipiga kelele hasa.

"Lakini mwanangu, ni neno moja tu!"

"Hata hilo moja. Kaa, mama. Nakuomba."

Amekaa mbele yangu, koti mwilini, midomo kaibana kwa shida. Naandika nimeinamisha kichwa. Sithubutu kumtazama, maana uso nao husema. Zimebaki dakika ishirini na sita.