Taruma la Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Mei
Nimechambua maharage. Nimefua. Goti linauma. Idi, mtoto wa marehemu mdogo wangu, amepiga simu kutoka Tangini, kijiji tulikozaliwa, huko Kongo kando ya reli. Njia hiyo ya reli inapanuliwa. Ijumaa tingatinga litapita juu ya makaburi. Mwenye mtu wake amhamishe kabla. Mama yuko pale. Nimekaa chini jikoni.

Jumanne, 7 Mei
Naandika polepole. Shule sikuingia. Herufi alinifunza marehemu mume wangu kwa chaki, juu ya mlango huu.
Tangini ilizaliwa na kiu. Gari moshi lilisimama kunywa maji ya tangi, watu wakajenga. Baba alikuwa nyampara wa njia. Vibao vya makaburi vililiwa na mchwa, basi wafu tuliwahesabu kwa mataruma, zile mbao zinazobeba reli. Unaanzia kwenye tangi. Mama: la arobaini na moja, upande wa mto. Naijua hesabu hiyo kuliko umri wangu. Halafu likaja gari la mazutu, la dizeli. Halina kiu, halisimami. Tukatawanyika. Mimi nikaolewa huku Buyenzi, ng'ambo ya mpaka.
Idi nimempa hesabu.

Jumatano, 8 Mei
Idi amechimba. Udongo mtupu.
"Mama mkubwa, labda umesahau."
Nimemtukana. Kisha nimelia, nimemwambia ale kwanza.
Nimekwenda kwa kaka Shabani, nyuma ya magereji. Hatoki kitandani, lakini ulimi ni ule ule. "We Zaina, kichwa maji! Mbao si walizitoa? Ulikuwa umeshaolewa. Waliweka za chuma, wakazisogeza karibu karibu. We unahesabu reli gani?"
Kweli tupu, mshenzi yule. Miaka yote nasoma Fatiha, namwona mama pasipo pake. Nimemnywesha uji wote, kwa nguvu.
Imebaki kesho tu.

Alhamisi, 9 Mei
Asubuhi nimetoa komeo la mlango, nikaganda nalo mkononi. Ni fimbo ya baba. Aliitumia kupanga mbao: toka taruma hadi taruma, fimbo moja. Alinipa siku ya kuolewa, nifungie mlango. Nimefungia mlango, nimesahau fimbo. Mjinga mimi.
Nimekimbia nayo kwa fundi cherehani jirani. Ameipima kwa utepe, amemsomea Idi kwenye simu. Nguzo za tangi bado zipo. Akate mti wa urefu huo, aulaze mara arobaini na moja.
Sikula. Sikukaa. Alasiri simu.
Amempata. Kikuku cha shaba, mkono wa kushoto, kile kilichogoma kuvuka walipomwosha. Ndiye.

Ijumaa, 10 Mei
Wamemlaza mlimani, mbali na reli. Idi ameuliza aweke alama gani. Jiwe, nimemwambia. Watu wanne washindwe kulibeba.
Shabani amelia bila sauti. Fimbo nimemwachia, ameikumbatia, amelala.
Mlango wangu nimeuegemezea kinu.